Swichi ya Ijumaa

Duka langu lipo Dunda, kwenye safu ya maduka sita yanayotazamana na msikiti, na kibao chake kimeandikwa "Chapchap Studio". Jina nililichagua mwenyewe na nililijivunia. Picha za pasipoti dakika tano, barua ya kuchapa dakika kumi, video ya harusi siku tatu, wakati wenzangu wanamzungusha bwana harusi mpaka mkewe anapata mimba. Watu wa mjini wakaliacha jina la Hamidu nililopewa na wazazi wangu, wakaniita Chapchap, na mimi nikaitika. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba nilichomfanyia Bi Shufaa kilitokana na roho mbaya. Roho yangu haina ubaya huo. Tatizo langu ni kwamba nilipenda kusifiwa haraka kuliko nilivyoipenda kazi yenyewe.

Kompyuta ya dukani aliniwekea Mikdad, fundi wa Mapinga niliyesoma naye, mtu mzito wa maneno na mzito zaidi wa kutembea. Kitu akikitengeneza Mikdad hakirudi tena kwa fundi, ila utakisubiri mpaka uchoke. Mwaka juzi, harusi za Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, zilipoanza kupangana, nilimwita nikamwambia mashine yake imekuwa nzito. Kunakili kadi moja ya kamera ilikuwa inachukua nusu saa, na mteja amekaa mbele yangu ananikodolea macho.

"Haiko nzito," akasema. "Inaandika kweli. Ukiiambia ihifadhi kitu, kwanza inaandika kwenye daftari lake kwamba inataka kuweka nini na wapi. Halafu inaweka. Halafu inarudi kwenye daftari kutia alama kwamba imeshaweka. Umeme ukikatika katikati, siku ikiwaka inasoma daftari, inajua iliishia wapi."

"Na hayo haiwezi kuyafanya haraka?"

"Haraka inaweza kukudanganya."

Akanieleza huku amekunja uso. Mashine ina kumbukumbu ya muda, nyepesi ajabu, lakini inaishi kwa umeme. Umeme ukiondoka, na vyote vilivyokuwemo vinaondoka. Kinachobaki ni diski, na diski inaandika taratibu. Ukitaka haraka, unaiambia mashine ipokee kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda, ikujibu kwamba tayari, halafu iandike diskini baadaye, hata baada ya dakika kumi, ikipata nafasi. Na lile daftari unaliambia liandike majina ya mafaili tu, lisihangaike na yaliyomo.

"Ni kama mtu aliyewekwa mlangoni kwenye shughuli," akasema. "Anaandika jina la mgeni kabla mgeni hajaingia. Pakitokea ghasia, utakuta jina lipo na mgeni hayupo."

"Ghasia gani, Mikdad? Nina betri ya akiba hapa chini ya meza."

"Betri inakufa."

"Wewe fanya."

Akafanya. Kadi iliyokuwa inachukua nusu saa ikawa inachukua chini ya dakika moja, na mimi nikacheka kwa furaha mbele yake. Kabla hajaondoka alinishika mkono akaniambia jambo moja tu, kwamba mashine ile nisiizime kwa pupa. Niizime kwa utaratibu wake, nisubiri mpaka yenyewe iseme imemaliza. Nikamwambia sawa, kwa sauti ile ya mtu anayetaka mgeni wake aondoke.

Betri ilikufa miezi minne baadaye. Ikaanza kupiga mlio kutwa nzima mpaka wateja wanauliza kuna nini. Nikaichomoa, nikaiweka stoo, nikasema nitanunua nyingine.

Sasa nikuelezee Bi Shufaa. Bi Shufaa binti Muharami alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kushona kofia kwa mkono. Kofia moja miezi mitatu. Alikuwa anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anahamia kingine, na ukimwuliza lini itakuwa tayari anakujibu, "Itakapokwisha." Mimi na yeye tulikuwa tunataniana kwa hilo tangu utoto wangu. Nilimwambia angekuwa fundi wa video, watu wangepata mkanda wa harusi siku ya kumwoza mtoto wao. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kofia ninayovaa Ijumaa ni ya mkono wake, alinipa nilipooa, na hakuna aliyewahi kuniona nayo asiulize imetoka wapi.

Alikuwa na mtoto mmoja, Adila, tuliyekuwa tunakwenda naye chuoni kusoma Kurani, msichana mwenye mdomo kama mamake. Adila alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, na mamake hakutaka. Walitoleana maneno mazito siku ile ya kuondoka. Mwaka uliofuata babake, Mzee Dadi, akafariki, na Adila hakuja, kwa sababu mwajiri wake alikuwa ameishika pasipoti na hakukubali kuitoa. Lakini hayo tulikuja kuyajua baadaye. Siku ya matanga Bi Shufaa alisimama uani mbele ya wanawake wa mtaa mzima akasema, "Mnishuhudie. Mimi sina mtoto." Mama yangu alikuwepo, alirudi nyumbani analia.

Tangu siku hiyo, miaka saba, jina la Adila halikutoka kinywani mwake. Akilazimika kumtaja alisema "yule wa Maskati". Adila alipata mwajiri mwingine, mtu mwema kidogo, akaanza kupiga simu na kutuma vitu. Bi Shufaa hakuishika simu hata mara moja. Vitenge vilivyotumwa aligawa kwa majirani, na mke wangu ana kimoja.

Anayejua watu wa pwani ataelewa uzito wake. Mtoto aliyekosa radhi ya mamake hana pa kuegemea, duniani wala huko tuendako. Mama akishasema sina mtoto mbele ya mashahidi, kinachoweza kulifuta neno lile ni neno lake mwenyewe, alitamke kwa ulimi wake. Hakuna mwingine wa kumsemea.

Mwaka jana mwishoni moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, akawa hatoki chumbani. Alikuwa anauguzwa na Mgeni, binti wa dada yake. Ijumaa moja asubuhi, saa tatu, Mgeni akaja dukani akasema ninaitwa na Bi Shufaa, na niende na kamera.

Nikamkuta ameegemezwa mito miwili, kanga safi, nywele zimesukwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na chombo chako?"

"Nimekuja nacho. Unataka picha? Ngoja nikutafutie mchumba kabisa."

Hakucheka. "Nina neno langu na yule wa Maskati," akasema.

Nilikaa chini. Nikamwambia, kwa nini tusimpigie simu sasa hivi, wakaonana kwenye kioo, wakaongea?

"Tutagombana," akasema. "Namjua yeye na ninajijua mimi. Nitasema neno moja, atajibu mawili, na mtandao nao utakata, halafu nife na ugomvi nusu. Nataka niseme mpaka nimalize. Uniwekee. Akija nikiwa hai, nitamwambia mwenyewe, hayo ya kwenye chombo chako utayafuta. Akinikuta sipo, umpe yeye, mkononi mwake, asisikie mwingine. Iwe amana."

"Sawa, mama."

"Hayatapotea?"

"Kwenye mashine yangu?" nikasema. "Simu ndiyo inapoteza. Mashine ile haipotezi kitu."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikaweka kamera juu ya kigoda, nikamwonyesha pa kutazama. Nikamwuliza hilo faili nilipe jina gani nitakapoliweka, maana nina mafaili mengi. Akafikiri, akanitajia jina, nikaliandika nyuma ya risiti. Kisha akatutoa mimi na Mgeni, akataka mlango ufungwe. Tulikaa barazani dakika ishirini na tatu, ingawa katikati Mgeni aliinuka kwenda kuchota maji. Nilisikia sauti yake inakwenda, inakwenda, maneno hayashikiki. Mara moja ilipanda sana, ikakatika, pakawa kimya mpaka nikataka kuinuka. Halafu ikaendelea chini chini. Alipotuita, ncha ya kanga yake ilikuwa imelowa, na yeye mwenyewe amechoka, macho yamefumba. Sikujua kama nimemwacha mtu aliyesamehe au mtu aliyelaani. Nikachukua kamera yangu nikaondoka.

Siku hiyo nilikuwa na harusi Mapinga, ndoa ifungwe baada ya sala ya Ijumaa. Kadi nzuri ya kamera nilikuwa nayo moja tu. Nikafika dukani saa tano na nusu, nikamhudumia mteja wa picha, nikamhudumia mwingine, na saa sita inakaribia ndipo nikachomeka kadi kwenye mashine. Nikanakili ile video. Nikaandika jina kama alivyonitajia. Sekunde arobaini, tayari. Sikuifungua kutazama, kwa sababu alisema asisikie mwingine, na hapo naapa nilikuwa mwaminifu. Nikaifuta kadi yote ili iwe tupu kwa ajili ya harusi. Na adhana ikaanza.

Safu yetu ina desturi ambayo sijaiona kwingine. Miaka mingi nyuma fundi cherehani wa duka la mwisho alikwenda Ijumaa akaacha pasi inawaka, na tulipotoka msikitini tukakuta moto umefika duka la pili. Tangu hapo wenye maduka sita tulikubaliana: ikiadhiniwa Ijumaa, kila mmoja anashusha swichi kubwa ya ukutani, umeme wote wa duka unazimwa, ndipo anafunga. Ukisimama pale nje utazisikia zinavyoshuka moja baada ya moja, ka, ka, ka. Anayechelewa anataniwa kwamba anamngoja shetani amsindikize.

Kwa kawaida mimi nilianza kuizima kompyuta dakika kadhaa kabla. Siku ile niliibonyeza izimike adhana ikiwa inaendelea, na ikaandika kwenye kioo kwamba bado inaandika, nisubiri. Nje swichi tano zimeshashuka. Jirani yangu akapiga kelele, "Chapchap, leo umekuwaje?" Wenzake wakacheka. Kofia ya Bi Shufaa iko kichwani, begi la kamera liko begani, bodaboda niliyepanga naye safari ya Mapinga ananiangalia. Nikatazama kile kioo. Kilikuwa bado kinaniomba nisubiri. Nikashusha swichi.

Nilisali safu ya pili.

Harusi ilikuwa nzuri, ilikwenda siku mbili. Jumatatu ndipo nilipokumbuka kumwandalia Bi Shufaa flashi. Nikatafuta faili. Lipo, jina lake lote, tarehe yake, saa yake. Kwenye nafasi ya ukubwa pameandikwa sifuri.

Nikadhani macho yangu. Nikalifungua, halikufunguka. Nikazima na kuwasha, safari hii kwa utaratibu, nikasubiri kila kitu ambacho Ijumaa sikukisubiri. Sifuri. Nikafunga duka, nikampigia simu Mikdad.

Mikdad alikuja siku hiyo hiyo. Hakuniuliza kwa nini, aliiona betri stoo na akajua. Alikaa na ile diski mpaka alasiri. "Daftari liliwahi kuandika jina," akasema. "Yaliyomo yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda. Hayajawahi kufika hapa, Hamidu. Sio kwamba yamefutika. Hayajawahi kuandikwa."

"Kadi je?"

Akaichukua kadi. Kitu kilichofutwa kwenye kadi kinaweza kupatikana kama hakijaandikiwa juu. Mimi nilikuwa nimeandika juu yake siku mbili za harusi. Alichoweza kukitoa kilikuwa wanawake wa Mapinga wanapiga vigelegele, na shangazi wa bibi harusi anacheza amejifunga kitenge kiunoni. Tulitazama yote, kwa tumaini kwamba katikati huenda patatokea ukuta wa chumba cha Bi Shufaa. Hapakutokea.

"Bado yu hai," Mikdad akasema. "Nenda kamwambie, arudie."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu aliyefanya kosa la haraka. Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, na lile halikuwa na haraka yoyote.

Nilikwenda Jumanne. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Mgeni akanipokea mlangoni anatabasamu, akasema tangu Ijumaa mama amelala usiku kucha, na leo amemaliza bakuli la uji. Ndani nikamkuta ana kofia mkononi, anatoboa vitundu, kitu ambacho hakukifanya kwa miezi. "Umeniondolea mlima, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe kheri." Nikaitikia amina. Nikakaa kidogo, nikaondoka.

Nilikwenda tena Alhamisi. Akanishukuru tena, akaniombea dua mimi na watoto wangu. Kila jina la mtoto wangu alilitaja. Nikanyamaza.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, na hali ilikuwa imebadilika. Pumzi ilikuwa inamkatika. Nikajikaza nikaanza: "Mama, lile faili..."

Akafumbua macho haraka. "Lipo?"

Alinitazama vile nikashindwa. "Lipo," nikasema.

Na lilikuwepo kweli. Jina lilikuwepo. Nilimjibu yeye kama mashine ilivyonijibu mimi, kwamba tayari. Akashusha pumzi, akanishika kidole kimoja, maana mkono mzima hakuweza, akanishukuru mara ya tatu.

Jumatano alfajiri Mgeni akaja kupiga hodi kwa mama yangu. Tulimzika siku ile ile baada ya adhuhuri.

Adila akafika Ijumaa. Mgeni alikuwa amemwambia kwa siri kwamba mamake mgonjwa, na alikuwa anahangaikia tiketi na ruhusa wiki mbili. Alikuja moja kwa moja toka uwanja wa ndege, akaenda kaburini na vumbi la safari, akakaa pale mpaka wanawake wakamwinua. Matanga yalipoanuliwa, wale waliosikia neno la siku ile ya Mzee Dadi walimpa pole kwa adabu, lakini macho yao yalimkwepa. Nilimwona amesimama uani peke yake na sahani ya biriani mkononi haili.

Mgeni ndiye aliyemwambia. "Mama amekuachia amana kwa Hamidu."

Jumatatu asubuhi Adila akaja dukani. Nilikuwa ninamngoja, maana nilikuwa sina ujanja tena. Alikuwa amekondeana, ana mvi mbili tatu mbele, mtu niliyekuwa nikishindana naye kusoma juzuu. Aliketi kwenye kiti cha wateja akaweka mikono mapajani.

"Wifi yako hajambo?" nikauliza, kwa kuwa sikujua pa kuanzia. Nilikuwa namaanisha mke wangu, na wao wawili walikuwa wamekesha pamoja jana yake.

"Kaka Hamidu," akasema, "nipe changu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, Mikdad na daftari, betri stoo, kadi, swichi. Nilimwambia kioo kiliniomba nisubiri. Nilimwambia Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Sikujipunguzia hata moja. Wakati nasema nilikuwa nalia na sikuona haya, lakini yeye hakulia.

"Ulikuwa barazani," akasema nilipomaliza. "Ulisikia nini?"

Hapo ningeweza kumpa alichokifuata. Sentensi moja tu: nilisikia anasema amekuwia radhi. Nani angenibishia? Mgeni alikuwa amekwenda kuchota maji nusu ya muda ule. Ningemponya mtu kwa neno moja. Lakini angeliamini kwa sababu limetoka kwangu, na mimi nilishajua kinywa changu kinavyotoa vitu ambavyo ndani havimo.

"Nilisikia sauti imepanda," nikasema. "Halafu ikakatika. Sikujua ni hasira au kilio. Alipotuita kanga yake ilikuwa imelowa. Zaidi ya hapo sijui, Adila. Wallahi sijui."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei ya kitu asichoweza kununua.

"Nionyeshe."

"Hakuna kitu ndani."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Nikaigeuza kompyuta imwelekee. Nikafungua folda. Katikati ya majina ya harusi za watu, hilo lilikuwa la tatu kutoka juu. Akalisogelea mpaka uso wake ukakaribia kioo. Mimi nilikuwa nimelitazama jina lile mara mia, nikitaka ile sifuri ya mbele yake igeuke. Nililiandika mara mbili kwa haraka, lakini jina lenyewe sikuwahi kulisoma.

"Hili jina umelitunga wewe?" akauliza.

"Hapana. Nilimwuliza yeye niandikeje, akanitajia." Nikafungua droo, nikatoa ile risiti. Mwandiko wangu wa haraka, umelala upande. Nikampa.

Ilikuwa imeandikwa: Adila mwanangu.

Akaishika ile risiti kwa mikono miwili. Mdomo ulianza kumcheza, na kitu alichokuwa amekizuia toka kaburini kikaachia. Alilia kwa sauti mpaka jirani akachungulia mlangoni, nikamwashiria aondoke. Nilitamani niseme kwamba basi, neno lenyewe ndilo hilo, kwamba asiye na mtoto hamwiti mtu mwanangu. Lakini haikuwa kazi yangu kumsemea Bi Shufaa, na Adila hakuniuliza. Dakika ishirini na tatu mamake alizungumza naye. Alichokipata ni maneno mawili, na hata hayo hakuambiwa yeye, aliambiwa fundi wa video.

Alipotulia akasema, "Niwekee kwenye flashi."

"Ni tupu, dada."

"Nimekwambia niwekee."

Nikachomeka flashi. Kunakili faili lisilo na kitu hakuchukui hata sekunde, lakini Mikdad alikuwa amesharudisha mashine kwenye utaratibu wake wa zamani, na mimi nikafanya kila hatua. Nikaiambia iandike. Nikasubiri. Nikaiambia iiachie flashi kwa usalama. Nikasubiri tena, mpaka ikaandika kwamba sasa naweza kuichomoa. Nikamfungia kwenye bahasha pamoja na ile risiti, nikampa mkononi mwake, kama nilivyoagizwa.

"Adila," nikasema, "niwie radhi."

Alikuwa ameshasimama. Akajifunika mtandio vizuri, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikamwona Bi Shufaa kwenye uso wake.

"Mama alikushukuru mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na mara zote tatu ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi na mimi nakunyamazia," akasema, akatoka.

Alirudi Maskati wiki ile. Nambari yake ninayo. Ijumaa zinakuja na swichi zinashuka, ka, ka, ka, na siku hizi yangu ndiyo ya mwisho. Wananitania mpaka wamechoka. Nikitoka msikitini natazama simu kwanza, kabla ya kuvaa viatu. Hajaandika kitu.